Kusahau kwa Wazee: Lipi la Umri na Lipi la Maradhi



Katika toleo hili tumeweka kando kidogo khabari za bei, magunia na majamvi, ili tuseme juu ya jambo lililofika mezani kwetu zaidi ya mara moja, nalo ni kusahau kwa wazee wetu. Wengine hulichekea, na wengine hulifunika. Sisi twaona halifai kufanyiwa hili wala lile, kwa sababu mikarafuu mingi ya wanachama imeandikwa kwa majina ya watu waliokwisha kupita miaka sabini, na karatasi za kukodisha hutiwa sahihi na mikono yao.

Kisa kilichotuamsha ni hiki. Kabla ya vuli iliyopita zilitufikia karatasi mbili. Zote mbili zilikodisha mikarafuu ile ile, ya shamba lile lile, kwa msimu ule ule, ila wakodi walikuwa wawili mbalimbali, na kila mmoja amekwisha kutoa arubuni. Sahihi ilikuwa moja, ya mwanachama wetu wa siku nyingi aliyehamia Mtwara tangu ujana wake, akafanya maskani yake Rahaleo. (Rahaleo hii ni ya Mtwara mjini, si ile ya Unguja, wapo waliotaka kututafutia nauli ya daladala tu.) Jina lake hatutalitaja. Mkodi wa kwanza alisema mzee ni laghai. Wa pili, ambaye ni mtu mpole, alisema mzee amechezewa na watu. Kamati ikaona si haki kumhukumu mtu aliye ng'ambo kwa maneno ya walio hapa, ikatutuma sisi wawili twende tukamwone kwa macho yetu.

Tulimkuta barazani kwake baada ya swala ya alasiri, kavaa kanzu safi na kofia ya mkono. Tukamwamkia, akaitikia, akatutambua kwa majina ya baba zetu. Kisha akaanza kutuhadithia mwaka aliofika Mtwara kwa jahazi, bandari ikiwa bado mpya, na gari moshi likenda Nachingwea. Reli hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951, na reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wengi wa Mtwara wa leo hawajapata kusikia kwamba mji wao ulikuwa na gari moshi. Mzee wetu alitueleza mlio wa king'ora chake, rangi ya mabehewa, na kijana mwenziwe aliyeanguka na gunia la korosho akacheka mwenyewe kabla ya kuchekwa. Tukatazamana. Huyu ndiye tuliyeambiwa hana kumbukumbu?

Lakini katika muda wa saa moja alituuliza mara tatu kama tumeshakunywa chai, na vikombe vimo mikononi mwetu. Tulipomwonyesha zile karatasi aliijua sahihi yake papo hapo, wala hakuikana. Ila hakukumbuka kutia hata moja kati ya hizo mbili. Akazishika muda mrefu. Akasema, "Wanangu, mimi siibi." Ikawa kazi kumtuliza.

Binti yake alitwambia faragha kwamba mambo haya yalianza yapata miaka miwili. Mzee alipotea njia akitoka msikitini, msikiti aliousalia miaka hamsini. Alificha fedha chini ya godoro, kisha akamshitaki mjukuu wake kwa wizi. Kila aliyeambiwa alijibu kwa maneno yale yale: ni uzee tu. Baada ya ziara yetu binti alimpeleka hospitali, na daktari aliyempima akasema haya ni maradhi, tena yana jina. Karatasi iliyotangulia kwa tarehe ikathibitishwa, na mkodi wa pili akarejeshewa arubuni yake yote. Basi hapo ndipo tulipoona haja ya kuuliza na kusoma, na tuliyoyapata twayaeleza hapa kwa kadiri ya ufahamu wetu.

Ubongo wa mtu mzima huwa na uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi. Juu ya udogo wake hula yapata sehemu moja katika tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Ndani yake mna chembe ambazo wataalamu huziita seli, na zile zinazofanya kazi ya kufikiri na kukumbuka zina umbo ambalo mkulima wa karafuu halimpi tabu kulifahamu: kuna shina, kuna matawi, na juu ya matawi kuna vichipukizi vidogo mno. Kwenye vichipukizi hivyo ndipo chembe moja hupokea khabari kutoka kwa nyingine. Mwaka 2009 mtaalamu wa Brazil, Bibi Suzana Herculano-Houzel, na wenziwe walitoa hesabu yao ya chembe hizo katika ubongo wa mtu, wakapata yapata bilioni 86.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mtu akizeeka chembe hizo hufa kwa wingi kila siku, mpaka kichwa kikabaki kitupu kama shamba lililopigwa na kimbunga. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 1955, pale Mmarekani Harold Brody alipohesabu chembe katika bongo za maiti wa umri mbalimbali na kuona upungufu mkubwa. Lakini namna za kuhesabu za siku hizo zilikuwa na kasoro, maana ubongo wa mzee husinyaa ukikaushwa kwa namna isiyo sawa na ule wa kijana. Njia bora zilipopatikana hesabu ikageuka. Mwaka 1997 wataalamu wa Denmark, Bente Pakkenberg na Hans Gundersen, walichunguza bongo 94 na kuona kwamba tofauti baina ya mtu wa miaka 20 na wa miaka 90, katika gamba la nje la ubongo, ni kiasi cha asilimia 10 tu. Miti mingi, basi, imesimama.

Kinachobadilika zaidi ni matawi. Katika sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupanga mambo, kujizuia, na kushika jambo akilini kwa kitambo kidogo, vichipukizi hupungua kwa umri. Uchunguzi uliofanywa kwa kima wazee umeonyesha kwamba yapata theluthi ya vichipukizi vya sehemu hiyo hupotea, na vinavyopotea kwanza ni vile vyembamba, ambavyo ndivyo vinavyosaidia kujifunza mapya. Vile vinene, vilivyobeba mambo ya zamani, hukaa. Tena nyuzi ndefu za chembe, ambazo huvikwa ala ya mafuta ili khabari ipite upesi, huanza kuchakaa ala zake, na khabari huenda kwa kuchelewa.

Mwaka 2011 Bibi Amy Arnsten wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na wenziwe, walitoa khabari ya kazi yao juu ya jambo hili. Walisikiliza chembe moja moja za kima walio hai, wakati mnyama amekwisha kuonyeshwa mahali fulani kisha akafichwa, naye hana budi kupakumbuka. Katika kima kijana chembe ziliendelea kulia mfululizo mpaka wakati wa kujibu. Katika kima mzee zilianza vizuri, kisha zikafifia katikati. Lakini walipoyarekebisha kwa dawa mazingira yanayozizunguka chembe hizo, nyingine zilirudi kulia kwa nguvu karibu na za ujanani. Maana yake ni kwamba chembe hizo hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelegea. Hatusemi kwamba kuna kidonge cha ujana, wala wao hawakusema hivyo. Lakini ni khabari ya kumfurahisha mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Na hilo ndilo kusahau kwa umri. Mtu hukawia kulipata jina la mtu, kisha likamjia akiwa msalani. Huweka miwani akaisahau, hushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, huhitaji kuambiwa mara ya pili namba ya simu. Haya yote hayamwondolei ujuzi wake. Maneno anayoyajua, maarifa ya kazi, na busara ya kupima watu hudumu, na mara nyingi huzidi mpaka uzeeni. Sote twawajua wazee wetu ambao wakiutazama mkarafuu kutoka chini hukwambia utatoa pishi ngapi, na kijana mwenye simu ya kukokotoa hakaribii. Mzee wa namna hii ana haki ya kutia sahihi karatasi yoyote aitakayo, na asiharakishwe.

Maradhi ni jambo jingine. Chini ya gamba la ubongo, usawa wa masikio, upande huu na huu, pana sehemu ndogo iliyopindika mfano wa farasi wa baharini. Hiyo ndiyo mlango wa kuingilia kumbukumbu mpya. Katika uzee wa kawaida chembe zake nyingi hubaki. Lakini katika maradhi yaliyopewa jina la Alzheimer hufa kwa wingi, na uchunguzi wa mwaka 1994 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Daktari mwenyewe, Alois Alzheimer, alikuwa Mjerumani. Mwaka 1901 alianza kumwangalia, mjini Frankfurt, mgonjwa mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 51 tu, aliyesahau hata jina la mumewe. Mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1906 daktari alitazama ubongo wake kwa darubini, akaona madoa baina ya chembe na nyuzi zilizosokoteka ndani yake. Leo yajulikana kwamba madoa hayo na nyuzi hizo ni takataka za protini zilizokosa kuondolewa, na kwamba huanza kujilimbikiza miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jambo moja.

Hapo ndipo tulipofahamu siri ya gari moshi la Nachingwea. Mambo ya ujanani yamekwisha kuhifadhiwa huku na huku katika gamba la ubongo, nayo hayahitaji tena kupita mlangoni. Chai ya leo haina budi kupita mlangoni, na mlango umeoza. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu wa chuo asiyekumbuka kama amekula, naye akisikia mwanafunzi anakosea herufi humsahihisha bila kufungua msahafu. Watu humwona wakasema anajifanya. Hajifanyi.

Alzheimer si peke yake. Wapo ambao akili yao hupungua kwa sababu mishipa midogo ya damu ndani ya kichwa imeziba, pole pole, hapa kidogo na pale kidogo, bila ya kupooza kunakoonekana. Wengi huwa na yote mawili.

Sasa mtu atauliza: je, haya si maradhi ya Wazungu? La. Kwetu Tanzania yamepimwa. Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, baina ya mwaka 2009 na 2010, waganga wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, nyumba kwa nyumba. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri waliona asilimia 6.4 wana maradhi ya kupotewa na akili. Yaani katika wazee mia, sita au saba. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni wagonjwa.

Kazi ya Hai ina jambo jingine lililotupendeza sana. Mitihani ya akili iliyoletwa kutoka nje humtaka mtu aandike, achore, ahesabu kwa kalamu, na mzee ambaye hakuingia skuli hushindwa hata kama akili yake ni timamu. Kwa hiyo watu wa Hai walitengeneza kipimo chao, kikatolewa mwaka 2014. Mzee huulizwa leo ni siku gani na mkubwa wa kijiji ni nani. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hueleza daraja ni kitu gani. Husomewa maneno kumi, kisha baadaye huulizwa ayarudie. Mwisho huwekewa njiti za kibiriti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye azipange vile vile. Basi. Kipimo cha dakika kadhaa, gharama yake ni kisanduku cha vibiriti. Ila twaonya: hiki si kipimo cha kumfanyia baba yako sebuleni mbele ya wageni, kisha ukampa maksi. Ni cha mhudumu wa afya, nacho humwambia tu kama yafaa mzee apelekwe mbele kwa daktari.

Na daktari ana kazi kubwa, kwa kuwa si kila asahauye ana maradhi yasiyoponyeka. Yapo mengine yanayofanana nayo na yenye dawa. Tezi ya shingoni ikilegea, damu ikikosa vitamini fulani, huzuni nzito baada ya kufiwa, sukari isiyotunzwa, hata homa ya njia ya mkojo kwa mtu mzee, zote hizi zaweza kuichafua akili. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, akaanza kuweweseka, huo si uzee wala si Alzheimer. Ni dharura, apelekwe hospitali siku ile ile.

Hapa tunalo neno la pekee kwa wachumaji na wenye mikarafuu. Mkarafuu mrefu hauna huruma, na kila msimu twasikia fulani kaanguka. Mtu akivunjika mguu hupelekwa. Akipigwa kichwa, akazimia kidogo kisha akainuka, huambiwa pole, akapewa maji, akarudi kazini. Kwa mtu wa makamo na mzee hatari huja baadaye: damu hujikusanya kidogo kidogo chini ya fuvu, na baada ya majuma, hata miezi, mtu huanza kusahau, kuyumba, kusinzia mchana, na jamaa wamekwisha kusahau ile ajali. Damu hiyo hutolewa kwa upasuaji usio mkubwa, na mara nyingi akili hurudi. Unguja ipo taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika hospitali ya Mnazi Mmoja tangu mwaka 2014. Basi mkimpeleka mzee kwa ajili ya kusahau, mwambieni daktari kama alianguka, na lini. Hata yale mapigo yasiyoacha damu, yakirudiwa, huongeza hatari ya maradhi haya uzeeni.

Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la Uingereza la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupotewa na akili, wakasema kwamba lau yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya maradhi hayo duniani yangezuiwa au kucheleweshwa. Hatutayaorodhesha yote. Kwetu lililo kubwa ni presha. Katika Hai ile ile walipima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta karibu saba katika kila kumi wana presha, na wengi wao hawajijui. Presha haiumi, na ndiyo maana haiogopwi. Wapo kati yetu wanaokunywa dawa yake wiki ya kwanza, wakaona kichwa hakiwaumi, wakaiweka kabatini mpaka ikaisha muda. Presha inayopasa kushughulikiwa khasa ni ile ya umri wa miaka arubaini na hamsini, kwa hiyo maneno haya hayawahusu wazee peke yao. Na sigara imo katika hayo 14, pamoja na sukari, upweke, na macho yasiyotibiwa.

Masikio nayo yamo, nasi tuna mfano wake. Vijana wa mwanachama mmoja walitwandikia wakitaka mikarafuu ya baba yao ihamishwe majina, kwa kuwa, walisema, akili yake imekwisha, ukimwuliza hili hujibu lile. Tulipomwendea tukaona kwamba tukimkabili na kusema karibu na sikio lake la kulia hujibu sawasawa, tena kwa ukali. Mhudumu wa kituo cha afya akamtoa nta masikioni, nyingi ya kutisha. Mzee alipopata kusikia, jambo la kwanza alilosikia ni habari ya barua ile. Yaliyofuata hayafai kuchapishwa.

Twakumbusha kwa kisa hicho kwamba neno "amesahau" lina makali pande mbili. Asiyejali humwacha mgonjwa atie sahihi za kujiangamiza. Mwenye tamaa humfanya mzima kuwa mgonjwa apate kumrithi yungali hai. Na upo upande wa tatu, ulio mbaya kuliko yote miwili, nao ni wa wale wasemao mzee, khasa bibi kizee, ni mchawi kwa kuwa anatembea usiku, anazungumza peke yake, anawaita watoto kwa majina ya maiti. Kutembea usiku na kuwaita walio hai kwa majina ya waliokufa ni katika dalili za maradhi haya zinazojulikana na kila daktari. Bara wameuawa vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Tusijione sisi wa visiwani tumeepukana na maneno hayo. Tumeyasikia kwa masikio yetu, na katika kisa cha Rahaleo yalisemwa pia.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia kiasi kwa muda, na mpya iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 hupunguza kasi ya Alzheimer kidogo kwa walio mwanzoni mwake, kwa bei ambayo tukiitaja hapa mtadhani ni kosa la mpiga chapa. Kilicho karibu nasi zaidi ni kile kilichojaribiwa Hai: wazee wagonjwa waliwekwa pamoja katika vikundi vidogo, vikao 14 katika majuma 7, wakaongozwa kuzungumza, kuimba, kutaja mambo ya kazi zao na vyakula vyao, kutengeneza vitu kwa mikono. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika akili na utulivu wao. Asomaye haya ataona kwamba ni karibu na baraza zetu za zamani, ila kwa mpango. Mzee aliyefungiwa chumba cha nyuma na televisheni hapati hilo.

Wapo wataotuuliza kama karafuu yenyewe si dawa ya ubongo. Tumeulizwa tayari, na mmoja wetu ametaka tuiandike kwenye mifuko. Mafuta ya karafuu yamejaribiwa kwa panya maabara. Kwa binadamu haijathibitishwa kwamba huzuia au huponya maradhi haya, nasi hatutauza karafuu zetu kwa uongo, zinauzika kwa ukweli.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana hilo ndilo lililo katika uwezo wa chama. Kamati imekubaliana kwamba kuanzia msimu ujao kila mkataba wa kukodisha mikarafuu ya mwanachama mwenye miaka 70 na zaidi usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya sheha na mbele ya jamaa mmoja wa mzee asiye na fungu katika mkataba ule. Mzee aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe anakodisha nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Akieleza, ametosha, hata kama hakumbuki leo ni Jumatatu au Jumanne. Asipoweza kueleza, karatasi isitiwe sahihi siku hiyo. Arudiwe asubuhi nyingine akiwa amelala vizuri, maana wagonjwa hawa huwa bora asubuhi na wabaya jua likichwa. Asipoweza tena, jamaa waambiwe wampeleke akapimwe kabla ya mtu yeyote kuzungumza khabari ya kuhamisha majina.

Arubuni isitolewe mpaka siku saba zipite baada ya sahihi. Wakodi wamelalamika juu ya hili, wakasema siku saba ni nyingi karafuu zikiwa zimekwisha kuiva. Tumewajibu wakodi mapema.

Kwa wanachama walio Mtwara, Dar es Salaam, Tanga na Maskati, usomaji utafanywa kwa simu, jamaa mmoja akiwa amekaa na mzee, na katibu atauandika katika daftari moja la mikodisho litakalokaa afisi ya chama. Lau daftari hilo lingekuwapo mwaka jana, karatasi ya pili ya Rahaleo isingepata kuandikwa. Daftari limekwisha kununuliwa. Mwenye mkataba wowote unaoendelea, awe mzee au kijana, aulete uandikwe. Afisi hufunguliwa asubuhi Jumamosi na Jumatano. Siku ya mkutano wa wanachama wote mhudumu wa kituo cha afya atakuja na mashine ya kupimia presha, atakaa chini ya mwembe kuanzia saa mbili, na hapana ada. Wenye dawa kabatini waje nazo.